Bombay Alipogeuzwa Mji: Kisa cha Kusoma Vitabu vya Wasafiri kwa Kompyuta

Usuli

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, kwenye chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Nitamwita Rehema, ingawa si jina lake. Mimi nilikuwa mkutubi niliyepangiwa kumsaidia upande wa kompyuta, kwa hiyo makosa utakayoyasoma si ya mwenzangu peke yake. Mengine niliyaanzisha mwenyewe. Majina ya chuo, idara na watu nimeyaondoa, na mambo madogo yasiyogusa kiini nimeyabadilisha.

Rehema alitaka kuichunguza njia kuu ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo na Kaole, ikapita Usagara na Ugogo, ikaingia Unyanyembe (eneo la Tabora ya leo), kisha ikateremka hadi Ujiji. Wazungu walioipita katika karne ya 19 waliiandika mno. Alichagua vitabu vinne vya Kiingereza: cha Richard Burton cha 1860 kuhusu nchi za maziwa, chenye juzuu mbili, cha John Hanning Speke cha 1863, cha Henry Morton Stanley cha 1872, kile cha kumtafuta mmisionari David Livingstone, na cha Verney Lovett Cameron cha 1877. Ukivipanga mezani ni zaidi ya kurasa 2,000 zenye herufi ndogo, na Rehema alikuwa anafundisha sekondari asubuhi.

Swali lake la kwanza lilikuwa hivi: kalamu ya msafiri ilitua wapi, ilipita mbio wapi, na kila mahali palielezwa kwa maneno ya namna gani? Msimamizi wake alilipenda. Mimi nililipenda zaidi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki moja ya zana za kidijitali, nikitafuta mtu wa kumwonyesha nilichojifunza. Nalitaja hilo kwa sababu lilichangia.

Miezi miwili ya kwanza

Vitabu hivyo vyote vimeshatoka kwenye hakimiliki. Nakala zilizoskaniwa zinapatikana bure Internet Archive, pamoja na maandishi ambayo mashine imeyasoma kutoka kwenye picha za kurasa. Tulipakua, tukadhani nusu ya kazi imekwisha.

Maandishi yale yalikuwa na uchafu ambao macho hayauoni mpaka uanze kuhesabu. Kichwa kidogo cha juu ya ukurasa kilijirudia kila baada ya ukurasa mmoja, nacho kikahesabiwa kana kwamba mwandishi amekirudia mwenyewe. Neno lililokatwa mwisho wa mstari likawa maneno mawili, kwa hiyo Unyanyembe ilipungua na badala yake vikazaliwa vipande visivyo na maana. Tanbihi za chini ziliingia katikati ya sentensi za juu.

Halafu kuna ritifaa za Burton. Nchi ya Wakutu, ile ya Zungomero kabla msafara haujaanza kupanda milima ya Usagara, yeye huiandika K'hutu. Programu ya kuhesabu iliichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno, na orodha yetu ikaanza kuonyesha neno «hutu». Mtu mwenye haraka angeweza kuandika aya nzima kuhusu Burton na Wahutu wa Rwanda, nchi ambayo Burton hakuikanyaga kamwe. Hilo tulilikamata mapema, na nadhani ndilo lililotupa kiburi. Tulijiona tuko macho.

Baada ya kusafisha tuliendesha programu inayotambua majina ya watu na ya mahali. Programu za namna hii hufundishwa kwa matini nyingi, na hiyo tuliyokuwa nayo ilikuwa imefundishwa kwa Kiingereza cha siku hizi. Yaliyotambuliwa kuwa mahali tuliyapeleka kwenye orodha kubwa ya majina ya mahali ya dunia ili yapate latitudo na longitudo, kisha tukayachora kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Kila mahali nukta yake. Ukubwa wa nukta ukifuata idadi ya kutajwa.

Ramani ikatoka nzuri ajabu. Pwani iliwaka, Unyanyembe ikawaka, Ujiji ikawaka. Na ng'ambo ya bahari, kwenye pwani ya magharibi ya India, kulikuwa na nukta moja nene, Bombay (Mumbai ya leo), iliyozishinda karibu zote.

Semina

Rehema aliwasilisha ramani hiyo kwenye semina ya idara. Mhadhiri mmoja akauliza kwa nini India iwe kubwa hivyo kwenye vitabu vya njia ya Tabora. Rehema alikuwa na jibu, na tulikuwa tumeliandaa pamoja. Burton na Speke walikuwa maofisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Mabaniani na Wahindi wengine wa Unguja ndio waliokopesha mitaji ya misafara. Forodha ya Sultani ilikuwa imekodishwa kwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa hiyo, alisema, ramani inathibitisha kwamba wasafiri waliitazama bara kwa miwani ya India.

Kila sentensi katika jibu hilo ni kweli. Watu waliitikia kwa vichwa. Nami nikaitikia.

Nyuma ya ukumbi alikuwapo mwalimu mstaafu ambaye huja semina zote na mara nyingi hulala kidogo. Akainua mkono.

«Mwanangu, hiyo Bombay yako, Sidi Mubarak umemtoa humo?»

«Sijakuelewa, Mwalimu.»

«Bombay. Yule kiongozi. Speke hamalizi kurasa mbili hajamtaja.»

Ukumbi ulikuwa kimya kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ulivyokuwa.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India na bwana wake, na bwana alipofariki akawa huru, akarudi Unguja na kuingia katika askari wa Sultani. Burton na Speke walimwajiri 1857. Alikwenda tena na Speke na James Grant safari ya 1860 hadi 1863, akaenda na Stanley 1871, akaenda na Cameron 1873, wakavuka bara zima hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Yumo katika vitabu vyote vinne vya Rehema kama mshiriki wa msafara wenyewe, na sisi tulikuwa tumemfanya mji wa bandari.

Jioni ile tulifungua AntConc, programu ya kutafuta maneno ndani ya matini, tukaomba kila mstari wenye neno hilo. Mistari ikashuka kwenye skrini kwa mamia: nilimtuma Bombay, Bombay akarudi, Bombay akaniambia, nikamwagiza Bombay. Mji hautumwi wala haurudi. Ingetosha kusoma mistari 20 kabla ya semina.

Tulivyoamua, na kwa nini

Rehema alitaka kufuta kila kitu na kurudi kwenye usomaji wa kalamu na daftari. Nilimwelewa. Msimamizi wake alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiutendaji kabisa: ilibaki miezi minne, na maandishi yaliyokwisha safishwa yalikuwa mali. Tukakubaliana mashine itafute, mtu aamue.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuachana na orodha ya dunia. Haikuwa na kosa kwa kazi yake. Haikutengenezwa kwa karne ya 19 wala kwa njia hii. Ilikuwa imeichomeka Tura kaskazini-mashariki mwa India kwenye mji wa jina hilohilo, wakati Tura ya wasafiri ni kituo cha kupumulia baada ya kuvuka nyika ya Mgunda Mkali, mlangoni mwa Unyamwezi. Kazeh, kituo kikuu cha Unyanyembe, haikuiona kabisa. Hapo hata wanadamu walibishana: Burton anaiita Kazeh, Speke anaandika Kaze, na Stanley alipofika akaandika kwamba hapatambuliki mahali penye jina hilo, akatumia Tabora na Kwihara. Rehema alitengeneza orodha yake mwenyewe, kila jina na tahajia zake zote, na safu ya mwisho yenye maneno «nina hakika», «nakisia» au «sijui». Majina ya «sijui» hayakuchorwa. Ramani ikapungua uzuri.

Uamuzi wa pili ulihusu viambishi, na hapa ndipo Kiswahili kilipotusaidia kuliko programu yoyote. Kwa mashine Ugogo, Wagogo, Mgogo na Kigogo ni maneno manne yasiyojuana. Burton mwenyewe anamweleza msomaji wake maana ya U, Wa, M na Ki, ila mashine hairuki kwenda kusoma maelezo. Tulifunga maneno kwa mizizi, huku tukihifadhi kiambishi kwenye safu yake, ili tujue ni lini mwandishi anazungumzia nchi na ni lini watu. Tulijaribu pia programu ya kukusanya majina yanayofanana kwa herufi. Ilifanya vizuri kwenye neno la mwendo wa alasiri, ambalo Burton huliandika tirikeza na Stanley terekeza. Kisha ikaunganisha Ugogo na Ugogi. Ugogi ni kituo kwenye mpaka wa Usagara, Ugogo ni nchi inayofuata. Herufi moja, mwendo wa siku kadhaa na hongo, yaani ushuru wa kupita, juu yake. Tangu hapo hakuna muungano uliopita bila Rehema kuutia sahihi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuitupa programu ya kupima hisia, ambayo mimi ndiye niliyeileta. Hufanya kazi kwa kamusi: neno hili zuri, lile baya, jumlisha. Ilitupa jibu kwamba kurasa za Ugogo zina furaha kiasi. Ugogo, ambako wasafiri wote wanalalamika kuhusu kiu na hongo! Tulipofuatilia tukakuta kwamba hongo mara nyingi inaandikwa kwa neno la Kiingereza la zawadi, na kamusi inapoona zawadi hucheka. Msafiri analalamika kwamba amekamuliwa doti kadhaa za merikani, yaani vitambaa vya pamba, kabla ya kuruhusiwa kupita. Mashine inaona sherehe.

Uamuzi wa nne ulikuwa mgumu. Muda haukutosha vitabu vinne kwa mkono. Tukabakiza sura za njia tu, kutoka pwani hadi Ujiji, na za Speke hadi alipoiacha Unyanyembe kuelekea kaskazini. Cameron tukamwondoa mzima. Nitarudi kwake.

Na swali likabadilika. Rehema hakuuliza tena kalamu ilitua wapi. Aliuliza: ni nani anayetajwa kwa jina katika msafara, anatajwa akifanya nini, na jina lake limeandikwaje?

Kazi ya pili

Sehemu hii ilikuwa ya kuchosha kwa mikono na tamu kwa kichwa. Programu ilikuwa imeshindwa kuwaona wapagazi na askari kuwa watu kwa sababu majina yao hayakuwa na sura ya majina ya Kiingereza. Stanley anao kina Ulimengo, Baruti, Ambari, Uledi. Msomaji wa Kiswahili anasimama hapo na kutabasamu: Ulimwengu na Baruti wamo katika msafara wa kwenda Ujiji. Mabruki Speke, mmoja wa watu wa Stanley, aliingizwa upande wa Speke mwenyewe, kwa hiyo mtu wa msafara alikuwa amemwongezea Speke idadi ya kutajwa.

Rehema alisoma mistari yote ya kila jina, akaandika kitenzi kinacholifuata na kinacholitangulia. Bombay kwa Speke ni mtu wa kutumwa: kwenda kwa mtemi, kujadili hongo, kutafuta chakula, kurudi na jibu. Kwa Stanley ni mtu wa kulaumiwa mara nyingi zaidi. Mtu ni yuleyule. Aliyebadilika ni aliyeshika kalamu. Rehema hakuhitaji takwimu kubwa kuliona hilo, lakini alihitaji mistari yote mahali pamoja, na huko kompyuta ilimlipa jasho lake.

Aliongeza sura fupi ya upande wa pili wa njia. Maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa, yaliyochapwa 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, na masimulizi ya safari aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapa 1901, yako kwa Kiswahili. Programu yetu ya majina haikuambulia kitu humo. Ilibidi asome tu, kurasa kwa kurasa, na alisema ndizo wiki mbili alizofurahi kuliko zote.

Matokeo

Tasnifu ilipita kwa masahihisho ya kawaida. Ramani ilihamia kiambatishoni. Sura kuu ikawa ile ya majina, na jedwali lake la tahajia limeshatumiwa na wanafunzi wengine wawili wa idara hiyo. Kilichopotea ni kama wiki saba za kazi na swali la awali, ambalo mpaka leo halijajibiwa. Mimi niliandika upya somo langu la zana za kidijitali: sasa saa ya kwanza wanafunzi hawafungui kompyuta, wanasoma kurasa kumi za kitabu watakachokihesabu na kuorodhesha kila jina kwa kalamu ya risasi.

Uchambuzi

Kosa la Bombay kuonekana mji ni dogo. Programu yoyote ya majina inaweza kulifanya, na kurekebisha huchukua dakika. Kilichotuponza ni maelezo yetu ya India. Yalikuwa na ukweli mwingi, yalikuwa ya kisomi, yalilingana na tuliyokwisha soma, na kwa sababu hiyo hakuna aliyerudi kuitazama nukta imetoka wapi. Ingekuwa nukta kubwa imeangukia Norway, tungeshtuka siku ileile. Tura iliyokwenda India tuliiona mapema kwa sababu haikuwa na hadithi ya kuihifadhi.

Kilichofaa ni utaratibu wa «nina hakika, nakisia, sijui». Ulipunguza data lakini ulimwezesha Rehema kujibu kila swali la watahini kwa kufungua mstari wenyewe. Kilichofaa pia, na hatukukipanga, ni kwamba maandishi yalisafishwa kwa mkono na mtu anayekijua Kiswahili. Tungelipa kampuni ya nje ifanye kazi hiyo, Baruti na Ulimengo wangebaki makosa ya uchapaji.

Kumwondoa Cameron naona leo kulikuwa kosa, ingawa nililiunga mkono. Tulimwondoa kwa sababu alikuwa wa mwisho na mrefu. Lakini kati ya waandishi wetu yeye ndiye aliyesafiri na Bombay mara ya mwisho, tena yeye na Tippu Tip walikutana 1874, na Tippu Tip naye ameueleza mkutano huo. Kukutana kumoja, kalamu mbili, lugha mbili. Kwa swali jipya hizo ndizo kurasa zilizofaa kuliko zote, nasi tulizikata kwa kigezo cha swali la zamani. Swali lilipobadilika, uchaguzi wa vitabu ulipaswa kupimwa upya, hata kama ingebidi Burton apunguzwe.

Kuna jambo jingine tuliloligusa juujuu tu. Tulihesabu vitabu vilivyochapwa kana kwamba ndiyo safari yenyewe. Mwaka 1871 Livingstone, akiwa ameishiwa karatasi, aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa kujitengenezea. Wino ukafifia hata usisomeke. Wataalamu waliipiga picha kwa mianga ya aina nyingi, mingine isiyoonekana kwa macho, na matokeo yakatolewa 2011. Humo mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, ya Julai 1871 kama alivyoziandika siku zile, kabla Horace Waller hajazihariri kwa kitabu cha 1874. Hiyo nayo ni zana ya kidijitali, na haikuhesabu neno hata moja. Rehema aliweka aya mbili juu yake. Ningemshauri aweke sura.

Nukta ya India ina mkia. Mtahini mmoja, baada ya kusoma sura ya majina, aliuliza mbona India imetoweka kabisa kwenye ramani mpya, wakati Bombay aliitwa Bombay kwa kuwa aliishi India akiwa mtumwa, na Kihindustani alichojifunza huko ndicho Speke alichozungumza naye njia nzima. Mengi ya yale Speke aliyosema ameambiwa na watu wa bara yalipita kwanza kwenye lugha hiyo, kinywani mwa Myao. Rehema akairudisha nukta, ndogo, yenye rangi tofauti na zile za njia, na kwenye ufunguo wa ramani akaandika: «Hapa Sidi Mubarak alipata jina.»